Maswali ya Wasomaji: Atomi za Baridi Kuliko Barafu Zote, Zinapozwaje na Zinahesabuje?

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu watafiti wanaopoza atomi mpaka zinakaribia kusimama halafu wanazitumia kupigia hesabu kwenye kompyuta ya kwantamu, yaani ile inayofuata kanuni za chembe ndogo kabisa, nikajua imepita hiyo, kumbe wapi, meseji zimekuja kutoka hapa Tanga, Makorora, Ngamiani, Mgandini, Amboni mpaka Lushoto huko juu, nyingine ndefu kuliko nilichoandika. Basi leo ukurasa wote ni wa hizo atomi. Sijaweza kumjibu kila mtu, nimechukua yale maswali ambayo yameulizwa na wengi kwa maneno tofauti.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi friji na AC hapa Makorora, mwaka wa kumi na mbili huu. Ubaridi naujua, ni gesi, kompresa na zile bomba za nyuma. Sasa we umeandika wanapoza kwa leza. Leza si inakata hata chuma? Inapozaje? Na gesi gani wanatumia?

JIBU: Marahaba fundi. Nusu ya jibu unayo tayari, maana fundi friji yeyote anajua kwamba ubaridi hauingizwi ndani, joto ndo linachotwa ndani likamwagwe nje, ndo maana zile bomba za nyuma ukizigusa ni za moto. Sasa tushuke chini zaidi. Joto lenyewe ni mwendo. Hewa iliyopo hapo kwenye banda lako la kazi saa saba mchana, kila chembe yake inakimbia ovyo na kugongana na wenzake. Chukua mvuke wa metali inaitwa rubidiamu, ambayo hawa watafiti wanaipenda sana, atomi zake kwenye joto la kawaida la chumba zinakwenda kama mita 300 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1000 kwa saa, ingekuwa ni basi unatoka Kange na dakika ishirini baadaye uko Dar. Kupoza maana yake ni kupunguza huo mwendo, basi. Na kuna mwisho wake, nyuzi 273.15 chini ya sifuri, hapo ndo chini kabisa na hakuna mashine ya kuvuka hapo, unasogea tu karibu zaidi na zaidi.

Haya, leza. Ile inayokata chuma inakata kwa sababu chuma kinaumeza mwanga mwingi na mwanga hauna pa kutokea, unageuka kuwa joto. Lakini atomi ikiwa peke yake inachagua rangi. Rubidiamu inakubali mwanga mwekundu wa nanomita 780, uliopo ukingoni kabisa mwa kile jicho letu linachoweza kuona, na ukiubadilisha kidogo tu haiushiki. Kila inapomeza punje moja ya mwanga inasukumwa kidogo kuelekea kule mwanga unakokwenda, halafu inaitema, na kuitema inaitema upande wowote tu, mara huku mara kule, kwa hiyo misukumo ya kutema inafutana yenyewe na inabaki ile ya kumeza. Msukumo mmoja unaibadilishia mwendo kwa milimita 6 hivi kwa sekunde, ambayo ni kitu kidogo mno, ni kama kutaka kusimamisha baiskeli kwa kuirushia punje za mchele. Ila atomi hiyo inaweza kumeza na kutema mara milioni kadhaa ndani ya sekunde moja, kwa hiyo zile punje elfu hamsini zinazohitajika kuisimamisha zinaisha kabla hujafumba na kufumbua macho.

Sasa sikia pale penye ufundi, maana we kama fundi utapapenda. Unajuaje kwamba unaipiga atomi inayokuja na sio inayokwenda zake? Ukiisukuma inayokwenda zake si umeiongezea mbio. Simama pembeni ya barabara ya Segera usikilize honi ya basi, likiwa linakuja sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito, honi ni ile ile. Na mwanga uko hivo hivo. Kwa hiyo wanaiweka leza kwenye rangi iliyo chini kidogo tu ya ile ambayo atomi inaitaka, atomi iliyotulia haina habari nayo, ila ile inayoikimbilia leza inaiona rangi imepanda ikawa sawasawa na inayoitaka, inameza, inapigwa breki. Unaweka leza sita, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kokote atomi itakakokimbilia inakutana na upepo wa usoni. Wazo hili Theodor Hänsch na Arthur Schawlow waliliandika mwaka 1975, Steven Chu na wenzake kule Marekani wakalifanikisha mwaka 1985, na miaka mitatu baadaye William Phillips na timu yake wakapima wakakuta atomi zao zimepoa kuliko hesabu zilivyosema inawezekana. Fikiria hapo, umepima umekuta mambo ni mazuri kupita ulivyotegemea, mtu makini anashuka kuangalia kipimo chake kwanza, na wao walipima upya kwa njia tofauti tofauti mpaka wakaridhika. Maelezo ya kwa nini yalitoka kwa watu kadhaa akiwemo Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, Mwafrika mwenzetu kwa kuzaliwa, na hao watatu wakagawana Nobel ya mwaka 1997.

Lakini leza peke yake inafika mahali inagota. Kushuka zaidi wanatumia kitu ambacho bibi yako anacho uani, mtungi. Wangu uko kwenye kona ya ukumbi, umekaa juu ya mchanga mbichi, kata ya kifuu imelala juu ya kifuniko, na ukipitisha kiganja ubavuni unahisi unyevu, ule tunaoita jasho la mtungi. Maji yanapenya kwenye udongo polepole yanafika nje yanachukuliwa na upepo, na zinazoondoka kwanza ni zile chembe zenye mbio kuliko wenzake, zinaondoka na joto lao, yanayobaki ndani yanapoa, ndo maana siku ya upepo mkavu maji ya mtungini unayanywa meno yanakufa ganzi na hakuna umeme hapo. Atomi nazo wanazifanyia hivo hivo. Wanazishika ndani ya bakuli lisiloonekana la sumaku, halafu wanashusha ukingo wa bakuli taratibu, zenye mbio zinaruka nje, zinazobaki zinagongana zinatulia upya, wanashusha tena. Unapoteza atomi nyingi sana kwa njia hiyo. Tarehe 5 Juni 1995, mji wa Boulder, Colorado, Eric Cornell na Carl Wieman walibakiwa na atomi kama 2000 tu za rubidiamu, kwenye joto la sehemu 170 za bilioni ya digrii moja juu ya ile sifuri ya mwisho, na pale atomi zikaacha kuwa kila moja na lake, zikawa kama wimbi moja. Satyendra Nath Bose, aliyekuwa anafundisha Dhaka, pamoja na Einstein walishaonesha kwenye makaratasi miaka ya 1924 na 1925 kwamba kitu kama hicho lazima kiwepo. Miaka sabini watu wamesubiri kukiona! Mi nikifika hapa huwa nasimama kidogo.

Kwa hiyo gesi ya kupozea haipo fundi, gesi yenyewe ndo inayopozwa. Kitu utakachokitambua ukiingia kwenye maabara hizo ni pampu ya kunyonya hewa, kama ile unayofunga kabla ya kujaza gesi, ila ya kwao inanyonya mpaka hewa inayobaki ni chini ya sehemu moja ya trilioni ya hii tunayovuta, maana chembe moja tu ya hewa ya kawaida ikiigonga atomi iliyopoa inaipeperusha kabisa.

SWALI: Assalaam aleykum Mwalimu. Mimi ni mama wa Ngamiani, barabara ya nane. Kijana wangu yuko Ujerumani anasomea mambo hayo, ameniambia maabara yao ina kitu cha baridi kuliko mahali popote duniani. Mimi usingizi umenipotea. Kikipasuka je, si kitamgandisha?

JIBU: Waaleykum salaam mama yangu. Lala, hakuna cha kumgandisha. Ni kweli anachosema, tena huko huko Ujerumani mwaka 2021 watafiti walitumia mnara wa mjini Bremen, wakaacha chombo kidondoke ndani yake, wakafika sehemu 38 za trilioni ya digrii moja, na hata anga ya mbali huko kati ya nyota na nyota ni ya moto ukilinganisha, iko karibu nyuzi 2.7 juu ya sifuri ya mwisho. Lakini kilichopoa ni kiwingu cha atomi ambacho hata ukikiweka kwenye mizani ya sonara haitacheza. Kioo kinachozizunguka kiko kwenye joto la kawaida la chumba, mwanao anaweza kukishika kwa mkono. Kikipasuka hewa inaingia na ule ubaridi unapotea hapo hapo, hakuna anayehisi chochote zaidi ya uchungu wa kazi ya miezi kuharibika.

Cha kuangalia ni macho yake. Mwanga ule wa leza jicho halioni sawasawa, kwa hiyo halifumbi, na ukiingia ndani unaunguza. Wana miwani maalum ya kuvaa. Ukimpigia jioni we muulize tu kama anaivaa kila siku, akijibu kwa kubabaika ujue unalo la kumsema.

SWALI: Mwalimu shikamoo, nasoma PCM kidato cha sita hapa Tanga mjini. Nimeelewa zinapoa, sasa zinapigaje hesabu? Na ni kweli kompyuta ya kwantamu inajaribu majibu yote kwa mpigo mmoja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua bao letu la kete, mashimo 32. Sasa fikiria bao ambalo mashimo yake yamechongwa kwa mwanga. Leza moja inagawanywa kuwa miale mingi, kila mwale unabanwa mpaka upana wa kama mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, wakati unywele wako una mikroni 70 mpaka 100, na pale kati mwale ulipobanwa atomi iliyopoa inanasa inakaa. Vinaitwa vibano vya mwanga, mwanzilishi wake ni Arthur Ashkin ambaye alipewa Nobel mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Sasa unaona kwa nini lazima ipoe kwanza, shimo lenyewe kina chake ni kifupi mno, atomi yenye mbio inaruka inakwenda zake.

Ukizimwaga atomi kwenye hilo bao, kila shimo ama linapata kete moja ama linakosa, karibu nusu kwa nusu. Kamera inapiga picha, kila atomi inaonekana kinukta kimoja kinachong'aa, kompyuta ya kawaida inaangalia wapi pako wazi, halafu vibano vinavyotembea vinazibeba atomi moja moja vinaziba mapengo. Mi video ya kitu hiki niliiangalia usiku mmoja mpaka bando likakata, vinukta vinahama taratibu vinajipanga mstari kwa mstari, na kila kinukta ni atomi moja, kitu ambacho wakati mi nasoma tuliambiwa hakuna mtu atakayekiona. Mwaka 2021 timu ya Mikhail Lukin wa Harvard ilichapisha kazi yenye atomi 256, sawa na mabao manane. Mwaka 2025 timu ya Manuel Endres wa Caltech ikachapisha yenye atomi 6100 za siziamu, metali jamaa ya rubidiamu, hayo ni mabao 190, kila shimo kete moja.

Kila atomi ina hali mbili za ndani zilizotulia, moja tunaiita 0 na nyingine 1, na kwa pigo la maikrowevu au leza lenye urefu uliopimwa unaweza kuiweka kwenye mchanganyiko wa zote mbili, hiyo ndo kyubiti. Uzuri wake ni kwamba atomi zote za aina moja zinafanana, sio kufanana kama sahani mbili za seti moja, zinafanana kabisa, wakati wanaotumia chipu wanahangaika miaka kutengeneza vipande vilivyo sawa na bado kila kimoja kina tabia yake. Halafu wale wa chipu lazima waigandishe chipu nzima kwenye friji kubwa mpaka sehemu kadhaa tu za elfu ya digrii moja juu ya sifuri ya mwisho. Huku kwenye atomi friji hakuna.

Ila ili upige hesabu lazima atomi mbili zisikilizane, na zikiwa zimekaa mikroni kadhaa mbalimbali hazina habari moja na nyingine. Wanachofanya ni kuipiga leza elektroni ya nje ipande mbali sana na kiini, atomi inavimba mara maelfu, na ikishavimba moja jirani yake haiwezi tena kuvimba, ni kama amezuiwa mlango. Kwa kucheza na kizuizi hicho kwa muda mfupi mno, hatima ya atomi hizo mbili zinafungamana. Timu mbili, moja ya Wisconsin na nyingine ya Palaiseau, Ufaransa, zilikionesha kizuizi hiki kwa atomi mbili mbili mwaka 2009.

Swali lako la pili jibu ni hapana, na naomba ulishike vizuri kwa sababu kwenye video nyingi linaelezwa vibaya. Ni kweli kwamba kyubiti 300 zilizofungamana, ukitaka kuandika hali yake yote utahitaji namba nyingi kuliko atomi za ulimwengu wote tunaouona. Lakini siku ya kupima unapata mstari mmoja tu wa 0 na 1, mengine yote yamepotea. Nenda Raskazone maji yakiwa yamejaa, uangalie mawimbi ya boti mbili yanavyokutana, mahali pengine yanabebana wimbi linakuwa refu, mahali pengine moja linapanda lingine linashuka na maji yanakuwa shwari. Mwandishi wa programu ya kwantamu kazi yake ni kupanga mawimbi hayo ili njia za majibu mabaya ziuane na njia ya jibu sahihi ibebane. Peter Shor alijua kuyapanga kwa tatizo la kuvunja namba kubwa kuwa vigawo vyake mwaka 1994, Lov Grover kwa kutafuta kitu kwenye rundo mwaka 1996, na kwa matatizo mengine mengi tu hakuna aliyejua kuyapanga, kwa hiyo laptopu yako haiendi popote.

Na kuna makosa. Mwaka 2023 hao wa Harvard walifikisha usahihi wa asilimia 99.5 kwa kila hatua ya atomi mbili, inasikika vizuri mpaka ukumbuke kwamba ni kosa moja kila hatua 200, na hesabu za maana zina hatua mamilioni. Dawa yake ni ya karani wa mnada wa samaki pale Deep Sea, anayeandika mzigo mmoja kwenye madaftari matatu ili moja likilowa mawili yaseme ukweli. Kwenye kwantamu ni ngumu zaidi kwa sababu hali ya kyubiti huwezi kuinakili na ukiichungulia imeharibika, kwa hiyo wanaulizia tu kama majirani wanakubaliana, bila kuuliza wamebeba nini. Desemba 2023 walionesha kyubiti 48 zilizolindwa namna hiyo kutoka kwenye atomi 280. Kwangu mi hiyo ndo habari kubwa kuliko idadi ya atomi, maana idadi bila ulinzi ni sawa na kuwa na makarani mia wote wasiojua kuhesabu.

Kama unauliza usome nini, kaza vekta, matriki na namba changamano. Ukizielewa hizo tatu vizuri sura nzima ya kwantamu inafunguka, usizipite kwa kukariri ili ufaulu tu.

SWALI: Mimi ni wakala wa pesa za simu pale Mgandini. Hizo kompyuta zitavunja namba za siri? Nifunge kibanda?

JIBU: Usifunge ndugu yangu. Hizo hesabu za Shor zinatishia aina fulani ya kufuli za kidijitali, zile zinazotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa, ambazo benki na tovuti nyingi wanazitumia. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2025 na Craig Gidney wa Google yanasema kuvunja kufuli moja la kawaida la biti 2048 kunahitaji karibu kyubiti milioni moja zifanye kazi siku kadhaa mfululizo, na we umeona hapo juu, wale wa Caltech mwaka huo huo wa 2025 walikuwa na atomi elfu sita. Na wenye kufuli hawajalala, mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni tatu za kufuli mpya ambazo zimetengenezwa kuhimili kompyuta hizo. Hiyo ni kazi ya wenye mitandao na mabenki, na inabidi waifanye mapema kwa sababu mtu anaweza kuiba data iliyofungwa leo akaiweka mpaka siku ya kuweza kuifungua. We kwenye kibanda chako mwizi wako ni yule anayepiga simu akajifanya yuko huduma kwa wateja, huyo hatumii kwantamu.

SWALI: Natembeza wageni mapangoni Amboni. Mwalimu, hivi hizo atomi zinaweza kuonesha pango ambalo halijafunguliwa?

JIBU: Swali zuri mno hili, na ndiyo, kwa namna yake. Atomi iliyopoa ukiiacha idondoke inaanguka kwa utulivu mkubwa kiasi kwamba mvuto wa dunia unaupima kwa usahihi wa ajabu, na chini yako kukiwa na uwazi mvuto unapungua kidogo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha kwamba walipita na kipimo chao juu ya barabara wakaliona handaki la upana wa kama mita 2 lililofukiwa chini. Mapango yenu ni ya mawe ya chokaa, maji yamekula humo miaka na miaka, ni sehemu ambayo kipimo kama hicho kingekuwa na kazi. Natamani sana nikione kimesimama pale mlangoni.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi kidato cha tatu, Lushoto. Tumesikia Erasto Mpemba, yule wa kitu cha moto kuganda kabla ya cha baridi, alisoma huku kwetu. Je, mambo yake yanahusiana na hizi baridi za kwantamu, au ni habari za zamani tu?

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu kama wewe, Magamba Sekondari, hapo hapo Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, mwenzake mmoja akaweka maziwa yasiyochemshwa, na Mpemba akaona bora aingize ya kwake yakiwa ya moto kuliko kukosa nafasi. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umejichanganya. Akaendelea kuuliza miaka, na alipokuwa Mkwawa, Iringa, akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, Mpemba akamuuliza huyo mbele ya wenzake na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar wakajaribu maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Kwenye maji wanafizikia wanabishana mpaka leo, wengine wakirudia wanapata, wengine hawapati. Lakini kwenye kwantamu kuna kitu chenye jina lake. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walipanga ayoni 12, hizi ni atomi zilizonyang'anywa elektroni, zimeshikwa kwa nguvu za umeme na kupozwa kwa leza, wakazianzisha kwenye hali mbalimbali, na wakaona hali iliyoanzia mbali zaidi na ulinganifu, yaani pale ambapo ukiugeuza mfumo hauonekani kubadilika, ikiufikia ulinganifu mapema kuliko ile iliyoanzia karibu. Wenyewe wanaiita athari ya Mpemba ya kwantamu. Jina la mtoto wa kidato cha tatu wa Magamba liko kwenye vichwa vya makala za fizikia Ulaya, Marekani na Asia, na nasikitika sana ninapokutana na mwanafunzi wa mkoa huu huu wa Tanga ambaye hajawahi kulisikia darasani.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, tafuta vikombe viwili vinavyofanana kabisa, kiasi kile kile cha maji kutoka ndoo moja, kimoja cha moto kimoja cha uvuguvugu, viweke friza moja lakini visigusane na visikae juu ya barafu, maana cha moto kinaiyeyusha barafu ya chini kinajitengenezea kitako kizuri cha kupitishia joto na hapo umeshadanganyika. Angalia kila dakika kumi, andika saa na unachokiona, na uamue kabla hujaanza "kuganda" kwako maana yake ni barafu ya kwanza kuonekana au kikombe chote kuwa kigumu, kwa sababu majibu ya hizo mbili hayafanani. Rudia angalau mara tano ukibadilisha vikombe nafasi. Halafu niandikie namba zote, hata zile ambazo hazikwenda ulivyotaka.